Gunia Mbele ya Rejeta

Pale Ipogolo lami ya barabara ya Zambia ilikuwa bado mpya, nyeusi tii, na watu waliisifu kana kwamba wameimwaga wao. Kando yake, mbele ya gereji ya Tadeo Kalinga, kulikuwa na benchi. Si benchi la seremala, la hasha. Ulikuwa ubao wa ubavuni wa lori lililopinduka mlima wa Kitonga, ukalazwa juu ya rimu mbili, na rimu ya tatu ikaachwa pembeni chini, peke yake. Rimu hiyo ilikuwa na kazi yake. Sheria ya kijiwe ilisema mwenye maneno yasiyoshindika akae kichwani mwa benchi, upande wa jua. Mwenye kupiga tambo likamwangukia, ahamie kwenye rimu, akae na ubaridi wa chuma mpaka mwingine aanguke. Kwa Juni ya Iringa, rimu si mahali pa kumtakia hata adui. Na tangu benchi liwekwe, kichwani alikaa mtu mmoja tu, Tadeo mwenyewe, ambaye madereva kuanzia Morogoro hadi Tunduma walimwita Rejeta.

Nyuma ya benchi, kwenye ukuta wa gereji, Tadeo alitundika kwa misumari themostati zote alizowahi kuzing'oa: vile vidude vya shaba vinavyokaa kwenye njia ya maji ya injini, vikiyabana na kuyaachia. Lori likipanda Kitonga likafika Ipogolo linafoka mvuke, Tadeo hakuuliza mara mbili. Alifungua, akang'oa themostati, akasema, "Haya, maji sasa yako huru," akaitundika ukutani. Halafu, kwa kuwa mbele kuna Mafinga na baridi yake, alimfungia dereva gunia la katani mbele ya rejeta, injini isife ganzi. Gunia lile likawa alama yake barabara nzima. Malori yenyewe yalikohoa mpaka Makambako, na madereva walilaani baridi ya Mafinga, na Tadeo aliilaani pamoja nao.

Lakini ukuta ule ulikuwa fahari yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa Sekela.

Sekela ni binti yake, aliyemzaa na mama wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, marehemu sasa. Alikuwa mwaka wa pili masomoni Ulaya. Mwezi wa Machi mwanafunzi mwenzake alipita Ipogolo akaleta salamu kwa mdomo: "Sekela anasema kazi yake sasa ni kutawala feni na pampu za kompyuta inayopozwa kwa maji." Tadeo aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoishika sala. Aliyasema gereji. Aliyasema Kihesa baada ya ibada, watu wakiwa wanatafuta viatu vya watoto wao. Alimwambia askari wa barabarani aliyemsimamisha kwa jambo jingine kabisa. Maana yake hakuijua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mpaka siku ile Sekela aliposubiriwa kushuka na basi la Dar.

— Rejeta, leo koti la Krismasi juu ya ovaroli, unaoa? aliuliza Sedekia muuza kahawa, aliyeitwa Dele kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila dele lake mkononi.

— Mwanangu anashuka leo, alisema Tadeo, akilinyoosha koti. Yule anayetawala feni na pampu za kompyuta inayopozwa kwa maji.

— Tumesikia, ndugu yangu. Tangu Machi tumesikia.

Huyo alikuwa Yotamu, jina la kijiweni Waya. Zamani aliwahi kuwabebea ngazi mafundi wa umeme, na tangu hapo hakushuka tena kutoka ile ngazi.

— Ila mimi ni mtu wa umeme, aliendelea.

— Ulibeba ngazi, alimkumbusha Nkuba, muuza ngozi.

— Ngazi ya umeme! Na umeme ulinifundisha kitu kimoja. Maji na umeme ni paka na panya. Sasa kompyuta ni umeme mtupu, kuanzia utosi mpaka unyayo. Maji yanaingiaje? Hayaingii. Yanamwagiwa kwa nje, na ndoo. Ikipata moto, mtu anakuja mbio, mwaaa! Na mtu huyo ndiye nani? Sisemi. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Sema, alisema Tadeo.

— Mimi sisemi.

— Sema, Yotamu.

Yotamu alimeza kahawa kwanza.

— Basi nasema. Binti yako anachota maji. Amepanda ndege kwenda kuchota maji, na Ruaha hii hapa chini inapita bure. Moto huzaa majivu, Rejeta.

Kijiwe kilicheka. Tadeo hakucheka. Neno lile lilimchoma pabaya, maana Sekela alikuwa amechota kweli. Tangu akiwa na kichwa cha kubeba ndoo ndogo, yeye ndiye aliyepanda na maji kutoka mtoni kuja kuyapoza malori ya gereji. Alikuwa akitua ndoo, anasimama pembeni kwenye mvuke, anauliza, "Baba, linachemkia nini?" Naye Tadeo alikuwa akimjibu, "Toka hapo, utaungua." Siku alipofaulu kwenda sekondari, Tadeo aliivunja ile ndoo kwa nyundo mbele ya majirani, akaapa kwamba mtoto huyu hatamchotea mtu maji tena, awe Mwafrika awe Mzungu. Sasa Yotamu anamwambia ndoo imemfuata Ulaya.

— Akishuka ataulizwa hapa hapa, alisema Tadeo. Akisema anachota maji, mimi nahamia kwenye rimu. Akisema hachoti, unahamia wewe, na hunyanyuki mpaka Krismasi.

— Nimekubali. Ila kabla basi halijafika, wewe baba mtu tuambie. Nani anaiambia feni sasa zunguka, sasa tulia?

Tadeo alijipa muda kwa kukohoa. Mtu wa kichwani mwa benchi hasemi sijui.

— Kuna pedeli, alisema. Mguu wa kulia feni, mguu wa kushoto pampu.

— Na mikono?

— Mikono kwenye usukani.

— Kompyuta ina usukani?

— Ya kawaida haina. Ya maji inao.

Nkuba alitikisa kichwa. Huyu alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini hadi mbuga za Usangu, na kila alipokuja Iringa kuuza ngozi aliimaliza siku kijiweni. Kwa mambo ya maji alijiona hana mpinzani.

— Hapana, ng'wana Kalinga, pedeli hapana. Kule kwetu Usangu maji ya mpunga ina mwenyewe. Anakaa pale kwenye mfereji na jembe yake. Shamba ikijaa anaziba, ikikauka anafungua. Akilala, mpunga imekufa. Sasa hiyo kompyuta nayo ina mfereji. Mtoto amepewa jembe.

— Jembe, Ulaya? alicheka Yotamu.

— Ya plastiki. Haraka haraka haina baraka.

— Sasa haraka imeingiaje hapo?

— Maji ikienda haraka, Waya, baraka inapita shamba ya jirani.

Sedekia alikuwa ameinama anapuliza mkaa chini ya dele. Alinyanyuka macho yakimtoka machozi ya moshi.

— Wote mmepotea. Kompyuta inafikiri, sivyo? Na mwenye kufikiri anapata moto. Hii kahawa yangu, mkaa ukizidi inafurika, ukipungua mnanitukana. Nani ananiambia? Pua! Kabla haijafurika inabadili harufu. Huyo binti ananusa. Anakaa chumba cha pili, akisikia harufu ya kufikiri imezidi, anafungua pampu.

— Hawana pua huko kwao mpaka waje kuchukua ya Iringa? aliuliza Nkuba.

— Za kwao zimeharibiwa na mafua. Kwenye theluji ile, bwana wee, nani ana pua? Chanda chema huvikwa pete, na pua njema hupewa kompyuta.

— Acheni kamba, alisema Yotamu, akaweka kikombe chini ili mikono yote miwili ipate kusema. Mimi nawaambia kitu ambacho mafundi walikinong'ona juu ya nguzo, mimi niko chini nimeishika ngazi. Ndani ya yale maji kuna kambale.

— Kambale!

— Kambale. Umeme hauwezi kupima joto la maji, lakini samaki anaweza. Maji yakiwa ya moto kambale anahangaika, anapiga mkia, mkia unagonga kengele. Kengele ikilia, mchota maji anakuja na ndoo. Ndiyo maana wahenga walisema samaki mmoja akioza...

— Wote wameoza, aliitikia Nkuba.

— Na kompyuta nzima inanuka. Hapo sasa ndipo pua ya Dele inapoingia.

Kicheko kilivuka barabara. Hata utingo aliyelala chini ya lori uani aliinua kichwa. Lori lile lilikuwa la mzigo wa Mbeya. Asubuhi Tadeo alikuwa ameling'oa themostati yake, akalifunga gunia usoni, na sasa lilimsubiri dereva wake aliyepanda mjini.

Tadeo aliona jua linamkimbia begani. Alijua benchi limeinama upande wa Yotamu, na mtu akizidiwa na samaki hana budi kupanda juu zaidi.

— Nilikuwa sitaki kuwaambia, alisema polepole, kwa sababu watu wengine hapa wana roho ndogo. Kompyuta ile rejeta yake ni kubwa kuliko kanisa la Kihesa. Feni zake zikiwashwa zote kwa pamoja, nchi nzima inaingia baridi. Ile theluji mnayoisikia, mnadhani inatoka wapi?

Walitazamana.

— Unasema theluji ni ya Sekela? aliuliza Sedekia.

— Si yote. Sehemu yake.

Hapo basi likapiga honi.

Lilisimama ng'ambo ya barabara, likashusha kuku wawili, godoro, na msichana mrefu aliyevaa sweta la kijani, akiwa na sanduku moja. Tadeo alisahau benchi, akasahau tambo. Alivuka lami bila kutazama kulia wala kushoto, akamkumbatia mwanawe mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, halafu akalibeba sanduku begani kama alama ya ushindi.

— Kamwene, baba, alisema Sekela, akipiga goti kidogo.

— Kamwene, mwanangu. Kamwene sana.

Kijiweni aliwaamkia mmoja mmoja. Shikamoo mzee Sedekia. Shikamoo baba Yotamu. Shikamoo mzee, akamwambia Nkuba, naye Nkuba akajibu:

— Marahaba, ng'wanawane. Karibu. Hapa tunagombana juu yako tangu kahawa ya kwanza.

— Kuhusu nini?

Hakuna aliyetaka kuanza. Yotamu ndiye aliyejitoa, maana rimu ilikuwa inawatazama yeye na Tadeo sawasawa.

— Mwanangu, karibu nyumbani. Swali dogo tu. Hiyo kompyuta yenu ya maji, maji yanachotwa na nani?

Tadeo alishika ukingo wa benchi.

— Hayachotwi, alisema Sekela. Ni yale yale, yanazunguka. Kompyuta yenyewe ni makabati makubwa, ukiyapanga hapa yanajaza uwanja huu. Ndani yake nyaya zinapata moto. Pampu inasukuma maji kwenye mabomba yaliyofungwa, yanapita karibu na moto lakini hayagusi umeme, yanachukua joto, yanapelekwa yakapozwe na feni, yanarudi tena. Baba anajua. Ni lori lile lile, ila hili halisafiri.

— Nilisema! aliruka Tadeo, ingawa hakuwa amesema kitu cha namna hiyo. Mmesikia? Hayachotwi!

Yotamu aliitupia rimu jicho, akamgeukia tena Sekela.

— Sawa. Yanazunguka yenyewe. Basi wewe una kazi gani pale?

— Kuangalia yasiwe ya moto, na yasiwe ya baridi.

— Baridi? Si ndiyo mnayoitafuta?

— Ikizidi ni mbaya vilevile, baba. Umewahi kuona chupa ya soda ikitoka kwenye friji? Inatoka jasho. Mabomba nayo yakiwa baridi mno yanatoka jasho, na jasho likidondokea umeme...

— Shoti! alisema Yotamu, na safari hii alikuwa mtu wa umeme kweli. Shoti kubwa!

— Ndiyo. Kwa hiyo feni haitakiwi kuzunguka kwa nguvu zote siku nzima. Kuna kidude kinachoonja joto la maji. Maji yakianza kuwa ya moto kinaiambia feni ongeza, yakipoa kinaiambia punguza. Mimi ndiye ninayekiambia kianzie wapi na kiishie wapi. Pampu ziko mbili, moja inafanya kazi, moja inasubiri. Ya kwanza ikichoka, naleta ya pili kabla kompyuta haijajua. Na siku kile kidude kikifa, nakaa pale mimi mwenyewe, mkono kwenye swichi, macho kwenye mshale, mpaka kipya kifungwe.

Hakukuwa na mtu aliyekunywa. Nkuba alipiga paja.

— Mtu wa mfereji! Mimi nilisema nini? Jembe tu ndiyo nilikosea!

— Kidude chenyewe kikoje? aliuliza Sedekia.

Sekela aligeuka huku na huku akitafuta cha kumwonyesha, macho yakatua ukutani. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

— Mbona kimejaa hapa? Hizo themostati ni ndugu zake. Ya kwetu ina nyaya, lakini kazi ni moja. Injini ikiwa baridi inayabana maji, yasiende kwenye rejeta, injini ipate joto. Ikipata joto inayaachia. Baba, zote hizi zilikufa?

— Nimezing'oa, alisema Tadeo kwa fahari ya miaka yote. Maji yawe huru.

Sekela aliusogelea ukuta. Alizitazama zile safu, kutoka ya juu mpaka ya chini. Halafu akalitazama lori uani, lile la mzigo wa Mbeya, na gunia lake la katani limefungwa vizuri kwa kamba usoni. Alitazama moja, akatazama jingine. Alipouliza, hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama alivyouliza zamani akiwa ametua ndoo.

— Sasa gunia la nini, baba?

Tadeo alifungua mdomo. La kuzuia baridi, alitaka kusema, na jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini hapo hapo akaliona lote: alikuwa anang'oa kitu kinachozuia baridi, halafu anafunga gunia kuzuia baridi. Na yale malori yanakohoa mpaka Makambako. Na Mafinga ya watu, masikini, wameilaani miaka yote haina kosa. Akafunga mdomo.

Aliwatazama wenzake. Yotamu alikuwa anachunguza kitu ndani ya kikombe. Nkuba, ambaye hakuwahi kukosa neno penye maji, alikuwa anahesabu misumari ya ubao. Sedekia aliinua dele ili apate cha kufanya, akalikung'uta, likatoa machicha tu.

Uso wa Tadeo ulimwaka. Aliona aibu, hakuna haja ya kuificha, aibu ya fundi mbele ya ukuta wake mwenyewe. Lakini alipomtazama Sekela, alimwona bado amesimama pale, anasubiri jibu. Hakuwa ameinamisha macho wala hakuwa anaomba radhi. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumwambia toka hapo, utaungua. Na kitu kikapanda kifuani mwa Tadeo kikaifunika ile aibu yote, kikubwa hata koti likambana.

— Mmesikia? alisema.

— Tumesikia, alisema Sedekia kwa sauti ndogo.

— Hapana, mmelisikia swali? Nimeyafungua malori tangu barabara hii ni vumbi. Wamepita hapa madereva wa Zambia, wamepita Wataliano wa lami, wamepita Wachina wa reli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza gunia la nini. Huyu kashuka na basi sasa hivi, hata kahawa hajanywa! Halafu mtu ananiambia anachota maji. Mwanangu! Huyo ndiye anayetawala feni na pampu!

Yotamu alikuwa ameshanyanyuka, anakusanya shuka lake polepole kuelekea kwenye rimu, maana mkataba ni mkataba. Tadeo alimnyooshea mkono.

— Simama hapo hapo, Waya. Leo rimu ina mwenyewe.

Akaenda akaketi. Chuma kilipenya ovaroli kikamshika kwenye mifupa, naye akakunja miguu, akaliweka koti sawa kama askofu kwenye kiti chake.

— Sekela, kaa pale kichwani.

— Si pako pale, baba?

— Palikuwa pangu.

Mwanamke hakuwahi kukaa kwenye ubao ule, achilia mbali kichwani. Nkuba alisogea bila kuambiwa, akapafuta kwa mkono. Sekela akakaa, jua la Ipogolo likamwangukia lote usoni. Kahawa ilikuwa imekwisha lakini hakuna aliyeaga.

— Haya, mwulizeni, alisema Tadeo kutoka chini, kifua mbele. Mwulizeni chochote. Na wewe Waya, kwa kuwa umesimama, ingia gereji uniletee spana, kisha unitungulie ile themostati ya mwisho ya safu ya chini. Ni ya lori hili, na dereva yuko njiani.